Karatasi za Lalit

Nairobi,
9 Februari 1971

Mama Mong'ina mpendwa,

Bwakire, mama. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na Nyanchera na wote wa hapo Keumbu. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi cha vumbi. Baba anakusalimu sana. Tangu tufunge duka la Keumbu tuhamie huku, amekuwa mtu wa kukaa dirishani na kugombana na wauza vitunguu, lakini jina lako likitajwa anacheka peke yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenihuzunisha uliposema pombe imekuharibikia mara tatu mfululizo, ikawa na utelezi kama mrenda, na kwamba watu wa klabu wanasema kuna mtu ameuchezea mkono wako. Mama, hakuna aliyeuchezea. Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi katika maabara ya kiwanda cha bia. Kazi yenyewe ni kupima tu, asubuhi hadi jioni. Tunaponda kimea cha shayiri, tunakitia maji ya moto, na kabla ya kitu kingine chochote napima uchachu wa ule uji. Ukikosewa hapo, bia yote inaharibika, hata ikiwa ya pipa kubwa kama nyumba. Na pombe yako, ingawa mabwana wa hapa hawapendi kusikia, ni ndugu ya bia yetu.

Ndani ya bahasha utaona kijitabu kidogo. Kurasa zake ni vipande vyembamba vya karatasi vya kuchana. Siku unapochanganya kimea cha wimbi na ule unga uliokaangwa, chota kidogo kwenye kikombe, uchuje kwa kitambaa, chovya karatasi moja, hesabu hadi kumi, kisha ilinganishe na rangi zilizochapwa kwenye jalada. Ukiona njano kama ndizi iliyoanza kuiva, vizuri. Ukiona kijani, uchachu haujatosha na vitu vibaya vitaota humo, usiendelee. Siku ya tatu ikifika rangi ya chungwa, chuja, watu wanywe. Nyekundu ni siki, mwagia migomba.

Mama yangu mzazi, Chandrakala, alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na wewe uliyekuwa ukipepeta wimbi ghalani kwetu ndiye uliyeniketisha ukanilisha. Sijawahi kukupa kitu cha maana. Pokea hiki.

Mwanao,
Lalit

*

Keumbu,
21 Machi 1971

Kwa mwanangu Lalit,

Salamu nyingi kama majani ya chai. Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Nyasae, mvua imeanza na Nyanchera amepata mchumba, mwalimu wa kule Nyaramba, kijana mtulivu. Wewe kikohozi kimekwisha? Kunywa maji ya tangawizi, usisikilize watu wa Nairobi.

Sasa nikueleze mambo ya karatasi. Nilichanganya pombe Jumatatu, nikachuja kama ulivyosema, nikachovya. Kijani! Kijani kama jani la mgomba. Nikasema, huyu mtoto ameniletea uganga. Nikachovya kwenye maji ya mto: kijani kidogo tu. Nikachovya kwenye unga nilioukoroga na maji: si hapo. Nikakaa kitako nikafikiri. Mwishowe nikachukua mtungi mtupu, nikaweka maji kidogo, nikayazungusha, nikachovya. Lalit, karatasi ikageuka bluu! Kumbe ni majivu. Tangu mwaka jana nasugua mitungi kwa majivu ili ing'ae, na siisuuzi vya kutosha. Majivu yangu mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakinirudisha nyuma, na mimi nilikuwa nimemnunia Bochaberi, mke wa Makori, nikidhani ni jicho lake. Nilimpelekea ndizi za kuomba radhi. Hakujua za nini, akala.

Sasa nasuuza mara tatu, na rangi inakuja njano sawasawa. Klabu wananunua yangu kwanza. Mzee Ongeri, mwenyekiti wao, anasema hajanywa hivi tangu baba yake alipokuwa hai. Ile karatasi yako wameanza kuiita karatasi ya sumu. Nikimwekea mtu mtungi, ananiambia, "Mama, chovya kwanza tuone sumu." Nami nachovya, wanapiga makofi.

Kanisani waliniondoa kwenye kitabu zamani, unajua, kwa sababu ya kazi hii. Lakini hata wao wananiuliza ile karatasi ni ya namna gani. Zimebaki kurasa sita. Utaniletea nyingine?

Mama yako,
Mong'ina

*

Nairobi,
18 Aprili 1971

Mama mpendwa,

Nashukuru kusikia mko salama, na hongera kwa Nyanchera. Mwambie huyo mwalimu kwamba dada yangu hajui kunyamaza, asije akasema hakuonywa. Kikohozi kimepungua. Tangawizi nilikunywa.

Habari ya majivu niliisoma kwa sauti kule kazini. Mkubwa wangu wa maabara, aliyesomea mambo haya ng'ambo miaka minne, alisema umefikiri kama mtaalamu. Nilijivuna siku nzima.

Nakutumia vijitabu vitano. Usiulize nimevipata vipi, ghalani viko vingi. Hilo jina la karatasi ya sumu limenichekesha sana. Waache waite wanavyopenda, mradi pombe inatoka vizuri na wanakuheshimu.

Mwanao,
Lalit

*

Keumbu,
4 Julai 1971

Kwa mwanangu Lalit,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na baba yako Subhash mzima. Sisi tupo, ila baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mahari ya Nyanchera imeletwa, ng'ombe wote ni wazuri isipokuwa mmoja anayechechemea, na harusi ni tarehe kumi na saba mwezi wa kumi.

Vijitabu vilifika. Mwanangu, mambo yamekuwa makubwa kunizidi. Watu wanatoka Nyaramba, wanatoka Magwagwa, wamebeba chupa na vibuyu ili niwapimie. Juzi mwanamke mmoja aliniletea uji aliopikiwa na mkwewe. Sikucheka, maana hakuwa anatania.

Kuna jambo moja halinikai vizuri moyoni. Unajua desturi yetu, anayemkaribisha mtu pombe huonja yeye kwanza, mgeni akiona, ndipo anywe. Mimi nimeonja hivyo maisha yangu yote. Sasa hawataki nionje. Wiki iliyopita nilichukua kikombe nionje, Makori akanishika mkono akasema, "Acha, Mama Nyanchera, hayo ni ya zamani. Chovya." Nikachovya.

Tena shemeji yangu Ishmael, mdogo wa marehemu mume wangu, amerudi kutoka Kisumu. Ameingia biashara ya pombe kali, ile nyeupe. Mimi sijawahi kuipika na sitaki. Alikuja na chupa, akasema, "Shemeji, watu wananiogopa, wanadhani nitawaua. Nipimie mbele yao." Nikamwambia karatasi ni ya pombe ya kimea. Akasema sumu ni sumu. Walikuwepo wanaume kama kumi, wote wananitazama. Nikachovya. Ikatoka njano safi, njano kuliko hata yangu. Wakanunua chupa ile ile pale pale. Ishmael akaniomba kijitabu kimoja, nikampa. Ni shemeji yangu, ningemnyimaje?

Nimefanya vizuri? Niandikie.

Mama yako,
Mong'ina

*

Mombasa,
30 Agosti 1971

Mama mpendwa,

Natumaini mko salama. Usishangae muhuri wa Mombasa. Kampuni imenileta kwenye kiwanda chake cha huku tangu Juni, mtu wao wa maabara anaumwa. Joto ni kali, nguo hazikauki jasho, lakini kazi ni ile ile ya kupima.

Sijapata neno lako tangu Machi. Labda umeandika na barua iko kwa Baba. Yeye hazitumi mbele, anaziweka chini ya sanamu ya mungu wetu, anasema zitanisubiri. Nitarudi Nairobi katikati ya mwezi wa kumi, kwa hiyo endelea kuandika kule kule.

Nimekupatia vijitabu vitatu vingine, ninavifunga humu. Gawa kwa jirani wanaohitaji. Nafurahi nikifikiri kwamba huko kwetu kuna watu wanaopima badala ya kubahatisha.

Mwanao,
Lalit

*

Keumbu,
26 Septemba 1971

Kwa mwanangu Lalit,

Nakusalimu. Tu wazima. Samahani nikifupisha salamu.

Barua yako ya Mombasa nimeipata, kwa hiyo ile ya mwezi wa saba hujaisoma. Ukifika kwa baba yako isome kwanza hiyo, kisha hii.

Ishmael sasa anauza soko la Magwagwa kila Jumamosi. Anasimama juu ya sanduku, anamimina kwenye bilauri, anachovya karatasi, anaiinua juu. Watu wanapaza sauti, "Njano!" Haonji. Nimemchunguza, yeye mwenyewe hanywi hata tone la ile anayouza. Nilipomuuliza anapika wapi, alisema hapiki, kuna dereva wa lori humletea pipa. Nilinusa lile pipa. Harufu yake si ya mahindi, si ya miwa. Ni kama kile kitu ambacho fundi wa duka lenu alikuwa akichanganyia rangi ya kupaka milango.

Mzee mmoja wa Magwagwa alikunywa akalala siku mbili, akaamka analalamika kwamba jua lina ukungu. Watu wakasema ni uzee.

Mwanangu, nakuuliza kama mama. Hii karatasi inaona kila sumu? Au inaona majivu tu? Nilikuwa sijawahi kukuuliza, nawe hukuwahi kusema. Ishmael ameahidi kuleta pipa moja zima kwa harusi ya Nyanchera, wazee wa upande wa mwalimu wameshakubali, na mimi mwanamke mjane siwezi kukataa zawadi ya ukoo bila neno la kuniunga mkono. Nipe hilo neno. Usingoje.

Mama yako,
Mong'ina

*

TELEGRAMU
Nairobi, 15 Oktoba 1971

MONGINA KEUMBU KISII. BARUA NIMEZIONA LEO. MSINYWE YA ISHMAEL. KARATASI HAIONI SUMU. MSINYWE. LALIT

*

Nairobi,
15 Oktoba 1971

Mama,

Nimetoka posta sasa hivi kupiga telegramu na ninaandika hii nimesimama, niiwahi gari ya barua ya jioni. Nimeshuka kwenye treni asubuhi, nikakuta barua zako mbili chini ya sanamu.

Mama, karatasi ile inaona uchachu na majivu. Basi. Haioni kitu kingine duniani. Dawa ya kuulia panya ukiiweka kwenye pombe nzuri, karatasi itasema nzuri. Hicho alicho nacho Ishmael nahofia ni spiriti ya viwandani, inaua macho kwanza na mtu baadaye. Nayo haina uchachu wala majivu, kwa hiyo karatasi haigeuki. Na karatasi ikiwa kavu rangi yake ni ya njano. Tangu inatoka kijitabuni ni ya njano. Sikukwambia hilo. Nilikwambia njano ni vizuri.

Mwagieni chini. Mtu akikasirika, akasirike.

Lalit

*

Keumbu,
20 Novemba 1971

Kwa mwanangu Lalit,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mkono huu si wangu, ni wa Nyanchera. Mimi nasema, yeye anaandika. Amelia kidogo, nimemwambia aache, wino utatapakaa.

Telegramu yako ilifika mikononi mwetu Jumatatu tarehe kumi na nane. Harusi ilikuwa Jumapili. Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda.

Ijumaa mchana Ishmael aliingia na pipa juu ya mkokoteni. Wazee wawili wa upande wa mwalimu walikuwepo. Nikasema sitaki. Ishmael akacheka, akawageukia wazee, "Shemeji yangu anaogopa nini? Karatasi si ni yake mwenyewe?" Mzee mmoja akasema, "Mama, pima, tuondoe maneno." Nikachana karatasi mbili kwa bahati mbaya, zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Moja nikachovya kwenye bilauri iliyochotwa pipani, moja ikabaki katikati ya vidole vyangu. Nilipoiinua ile ya kwanza, Lalit, nikaona hazitofautiani. Iliyolowa na iliyo kavu, rangi moja. Nikasema, "Ishmael, karatasi hii haijasema kitu. Imenyamaza." Akasema, "Njano ni njano."

Wazee walikuwa wananitazama. Sikuwa na barua yako, sikuwa na neno lolote la kuwapa, ila lile la zamani. Nikasema, "Basi aliyeleta aonje." Ishmael akasema yeye amepata vidonda vya tumbo, daktari amemkataza. Nikachukua bilauri nikasema, "Mimi ndiye mwenye mji. Nitaonja mimi, na pipa lisifunguliwe tena mpaka Jumapili." Nikanywa bilauri nzima, ili jibu lije haraka.

Sikumwambia mtu nilikuwa nafanya nini. Jumamosi kichwa kiliuma na nikatapika, nikasema ni uchovu wa harusi. Jumapili alfajiri niliingia jikoni nikasema, "Mbona moshi ni mwingi hivi?" Nyanchera akaniambia, "Mama, moto haujawashwa."

Hapo nikajua. Nikamwambia alimwage lile pipa. Watu walidhani nimepagawa. Shangazi zake walimshika mikono, wanasema mkosi, bibi harusi hamwagi kinywaji cha wageni. Alijikwamua akalisukuma pipa kwa mguu, na gauni lake jeupe, likamwagikia kwenye mtaro mpaka tone la mwisho. Wageni wa Keumbu walikunywa chai. Hakuna aliyekufa hapa.

Lakini pipa lilikuwa na mwenzake. Jumamosi ile Ishmael aliuza Magwagwa kama kawaida. Wamekufa watu saba. Wengine wanne wako kama mimi. Makori, yule aliyenishika mkono nisionje, alikuwa ameenda kule kununua ng'ombe. Alizikwa Jumatano. Bochaberi hasemi na mtu.

Mimi sioni. Mchana naona weupe, kama mtu aliyefunikwa shuka. Hospitali wamesema itabaki hivyo.

Ishmael amekamatwa, na mimi nimeandikwa mshtakiwa pamoja naye. Yeye anasema aliuza kwa sababu karatasi ilipita, na karatasi alipewa na mimi, na mimi nilipewa na mtaalamu wa kiwanda cha bia. Kesi ni Jumanne tarehe kumi na nne Desemba, Kisii. Hakuna mtu hapa anayejua karatasi hizi ni kitu gani. Wanaulizana kama ni uchawi. Njoo, mwanangu. Huna haja ya kunitetea. Simama mbele ya watu useme karatasi inaona nini na haioni nini, ili waliobaki wajue. Hiyo tu. Nauli ikikushinda, tutauza yule ng'ombe anayechechemea.

Mama yako,
Mong'ina

*

Leicester, Uingereza,
2 Machi 1975

Mama Mong'ina,

Sijui kama uko hai. Sijui kama Nyanchera atakusomea hii au ataitia motoni. Vyovyote itakavyokuwa, nawasalimu. Baba alifariki mwaka jana, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Siku zake za mwisho aliuliza kama wimbi limeanikwa.

Barua yako ya Novemba niliipata tarehe ishirini na nne. Naandika hivi ili usije ukafikiri ilipotea. Nimetamani kwa miaka mitatu uwe unafikiri hivyo.

Niliipeleka kwa mkubwa wangu wa maabara, nikaomba ruhusa ya siku tatu. Akaisoma yote. Akaniuliza vile vijitabu nilivinunua wapi. Akasema, "Ukipanda kizimbani, swali la kwanza litakuwa hilo, na jibu lake ni wizi. Huna uraia, Lalit. Fikiri." Nilirudi nyumbani, nikakuta Baba ana tiketi mbili mkononi. Alikuwa amezitafuta tangu tulipopoteza duka, na zilikuwa za Jumapili tarehe kumi na mbili Desemba. Sikumwambia habari za kesi. Siku mbili kabla ya kesi yako, mimi nilikuwa kwenye ndege.

Kuna jambo baya zaidi. Mwezi wa nne mwaka ule, niliposoma katika barua yako kwamba wanaiita karatasi ya sumu, nilijua papo hapo kwamba hilo ni kosa la hatari. Mtu wa maabara kama mimi hawezi kutolijua. Nilishika kalamu nikuonye. Kisha nikafikiri jinsi watu wanavyokupigia makofi, na jinsi ulivyonisifu, nikaandika kwamba limenichekesha.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha soksi. Sipimi kitu. Naomba unisamehe, mama, ingawa sina haki ya kukuita hivyo.

Lalit

*

Keumbu,
11 Mei 1975

Lalit,

Nimepata barua yako. Mimi ni hai. Pole kwa msiba wa Baba Subhash, alikuwa mtu wa haki kwenye mizani. Nyanchera ana watoto wawili, hawajambo. Ndiye anayeandika.

Nitakwambia yaliyopita, kwa sababu hukuwepo. Siku ile nilikaa kwenye benchi la mbele. Kila mlango ulipolia niligeuza uso. Nyanchera akinong'ona, "Siye." Hakimu aliuliza kama kuna mtu anayeweza kueleza zile karatasi. Akauliza mara mbili. Nilisimama mimi nikasema ninavyojua, kwamba iliyolowa na iliyo kavu zilifanana. Watu walicheka. Mwanamke asiyeona anaeleza rangi.

Nilikubali kosa langu la kumpa Ishmael kijitabu na la kuwaambia watu waamini. Nilifungwa miezi tisa. Ishmael alipata miaka mitatu. Sikulalamika, sijalalamika.

Ametoka mwaka huu, Januari. Na sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikujibu. Yuko Magwagwa tena. Amesimama juu ya sanduku tena. Karatasi sijui anazipata wapi, labda kwenye stoo ya shule fulani. Anawaambia watu, "Karatasi haikukosa. Aliyekosa ni yule mama, macho yake yalikuwa mabovu tangu zamani, akasoma rangi vibaya." Nao wanamwamini. Vijana waliokuwa watoto mwaka ule wanapaza sauti, "Njano!" Nyanchera amesikia kwa masikio yake wiki jana. Nilimtuma kwa chifu, chifu akasema maneno ya kipofu dhidi ya karatasi hayana uzito, alete mtu anayejua.

Bochaberi alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu amzike Makori. Aliketi kizingitini. Kisha akasema, "Mwanangu wa kwanza ameanza kwenda Magwagwa Jumamosi." Akaondoka.

Umeniomba msamaha. Siwezi kuushughulikia sasa, nina kazi. Nataka uandike karatasi moja. Usiniandikie mimi, waandikie watu. Iandike kwa Kiswahili, iwafikie hata madereva na wachuuzi wa kutoka mbali. Tia jina lako na la baba yako, maana wazee wanamkumbuka Subhash. Usipambe. Nyanchera ataisoma sokoni Magwagwa Jumamosi na kwa chifu Jumatatu, mimi nikiwa nimesimama kando yake.

Fanya haraka kuliko ulivyofanya zamani.

Mong'ina

*

Leicester,
19 Mei 1975

Mama, yako imefika leo asubuhi. Hii hapa.

Kwa watu wa Magwagwa, Nyaramba na Keumbu,

Mimi ni Lalit, mwana wa Subhash aliyekuwa na duka Keumbu, na wa Chandrakala. Nilikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda cha bia Nairobi. Karatasi mnazoonyeshwa sokoni nilizileta mimi. Niliziiba kazini.

Karatasi hizo hupima uchachu tu. Hazioni sumu. Zikiwa kavu, kabla ya kuchovywa popote, rangi yake ni ya njano. Kwa hiyo mtu akichovya karatasi kwenye spiriti ikabaki njano, hajapima kitu. Asiyeamini aombe karatasi kavu aiweke kando ya ile iliyochovywa. Aiombe mbele ya watu wote, na amtazame muuzaji usoni.

Jambo hili nililijua tangu mwezi wa nne mwaka wa sabini na moja, miezi sita kabla watu saba hawajafa. Sikusema, kwa sababu nilipenda kusifiwa. Nilipoitwa kortini nilikimbia.

Mnaambiwa kwamba Mong'ina alisoma rangi vibaya. Si kweli. Macho yake yalikuwa mazima. Alisoma kama nilivyomfundisha.

Lalit Subhash